Mkate wa Misri, pauni na IMF: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Misri ndiyo nchi ya Kiarabu yenye watu wengi kuliko zote, zaidi ya milioni 100, na imekuwa ikitangaza mageuzi ya uchumi tangu enzi za Rais Anwar Sadat, miaka ya 1970. Maswali yaliyo hapa yanahusu mambo matatu yaliyofungamana: ruzuku ya mkate, kuporomoka kwa pauni na masharti ya mikopo ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Bei za Misri hazikai, kwa hiyo kila tarakimu imepewa mwezi au mwaka wake.

Kwa nini kila mjadala wa mageuzi Misri huishia kwenye mkate?

Waarabu wengi huuita mkate "khubz". Mmisri anauita "eish", neno lenye mzizi mmoja na "kuishi" na "maisha" yetu. Mkate wa baladi, ule wa duara, bapa, wenye pumba juu, huliwa asubuhi kwa ful (maharage ya kupikwa), mchana kwa mboga, usiku kwa jibini. Kwa familia maskini ndio kijiko na ndio chakula.

Tangu maofisa wa jeshi walipotwaa madaraka mwaka 1952, kumekuwa na mapatano yasiyoandikwa: serikali itahakikisha mkate na mafuta ya bei ya chini pamoja na ajira ya umma, na wananchi wataiachia siasa zake. Tarehe 17 Januari 1977 serikali ya Anwar Sadat ilitangaza kupunguza ruzuku za vyakula na bidhaa nyingine ili kuwaridhisha wakopeshaji. Kwa siku mbili miji iliwaka kuanzia Alexandria hadi Aswan, makumi ya watu wakauawa, jeshi likaingia barabarani na bei zikarudishwa. Mwaka 2011, waandamanaji wa Medani ya Tahrir, Cairo, walipopanga madai yao, mkate ulitangulia: "Eish, horreya, adala egtemaeya", yaani mkate, uhuru, haki ya kijamii.

Baada ya 1977 watawala walijifunza kupandisha bei kwa kupitia mlango wa nyuma. Mkate unapunguzwa uzito, bei inabaki. Agosti 2020, kwa mfano, ulishuka kutoka gramu 110 hadi 90 na bei ikabaki piasta 5. (Pauni moja ina piasta 100.)

Kadi ya ruzuku inafanyaje kazi?

Utaratibu wa sasa ulianza mwaka 2014.

1. Familia inapewa kadi ya kielektroniki yenye majina ya wote wanaohesabiwa. Kila jina lina haki ya mikate 5 kwa siku, yaani 150 kwa mwezi.
2. Mnunuzi anapeleka kadi kwenye tanuri lenye leseni, inapitishwa kwenye mashine, idadi inakatwa, naye analipa fedha taslimu kwa mikate aliyochukua.
3. Mwokaji analipwa na serikali tofauti kati ya gharama na bei ya mlaji, kwa hesabu ya mikate iliyopita mashineni. Gunia la unga la kilo 100 linatarajiwa kutoa takriban mikate 1,450 ya gramu 90.
4. Mikate isiyochukuliwa inageuzwa kuwa pointi za kununulia bidhaa nyingine.

Kadi hiyo hiyo ina fungu la pili, la bidhaa za dukani: pauni 50 kwa mwezi kwa kila mmoja wa watu wanne wa kwanza na pauni 25 kwa kila anayezidi. Hutumika kwenye maduka ya tamwini (maduka ya bidhaa za ruzuku) kuchukulia mafuta ya kula, sukari, tambi na vitu vya namna hiyo. Mkate wa ruzuku unawafikia watu takriban milioni 70.

Mimi ni mwanafunzi wa Al-Azhar kutoka Zanzibar. Naweza kupata mkate wa ruzuku?

Hapana. Kadi ni ya raia. Mgeni, awe mwanafunzi wa Afrika Mashariki au mkimbizi wa Sudan, hununua "eish horr", mkate wa soko huria. Aprili 2024 wizara ya ugavi ilielekeza mkate huo uuzwe pauni 1.50 kwa gramu 80, piasta 75 kwa gramu 40 na piasta 50 kwa gramu 25. Bei elekezi na bei ya mtaani si ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo angalia uzito kabla ya kulalamikia bei: mwokaji anayebanwa kwenye bei hula kwenye gramu.

Bei ilipanda kiasi gani Juni 2024?

Kutoka piasta 5 hadi 20, kuanzia tarehe 1 Juni 2024. Lilikuwa ongezeko la kwanza kwa zaidi ya miaka 30. Waziri Mkuu Mostafa Madbouly alisema mkate mmoja unaigharimu serikali piasta 125.

Tufanye hesabu ya familia ya watu watano inayochukua mikate yake yote 750 kwa mwezi. Zamani ilitoa pauni 37.50, sasa inatoa 150, ambazo kwa bei ya dola ya wakati ule ni kama dola 3. Kwa gharama ya wakati ule serikali bado iliongezea pauni 787.50 juu yake. Kwa maneno mengine, bei ilipanda mara nne na ruzuku bado ilibeba asilimia 84 ya gharama.

Kilichoumiza zaidi kilipita kimya kimya, nacho ni lile fungu la dukani. Pauni 50 ziliwekwa Juni 2017, dola ilipokuwa kama pauni 18, yaani karibu dola 2.80. Hazikuongezwa. Kwa pauni 50 kwa dola, ni dola moja. Mwaka 2024 chupa ya mafuta ya kula ya mililita 800 kwenye tamwini ilikuwa pauni 30 na kilo ya sukari pauni 12.60. Ukichukua moja na moja, umebakiwa na pauni 7.40 za mwezi mzima. Ruzuku inaweza kuuawa bila tangazo: iache tarakimu ilivyo, mfumuko wa bei utamaliza kazi.

Wizi hutokea wapi?

Hutokea kila mahali penye bei mbili za kitu kimoja. Kabla ya 2014 mwokaji alipewa unga wa bei ya chini. Akiuoka, anapata faida ndogo na foleni ndefu. Akiuuza gunia zima kwa magendo, anapata mara kadhaa bila kuwasha tanuri. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya foleni za 2008, ambamo watu walikufa wakigombania mkate na Rais wa wakati huo, Hosni Mubarak, akaliamuru jeshi lioke.

Mfumo wa 2014 ulihamisha ruzuku kutoka kwenye unga hadi kwenye mkate uliouzwa. Ulisaidia, lakini wizi nao ukahama. Mianya mitatu inajulikana.

Wa kwanza ni kupitisha kadi bila mteja. Mwokaji anabaki na kadi za watu, au anapatana nao, anasajili mauzo hewa na kudai malipo.

Wa pili ulikuwa "kadi ya dhahabu", kadi aliyokabidhiwa mwokaji ili awahudumie wasio na kadi za kielektroniki. Machi 2017 waziri wa ugavi, Ali Moselhi, aliona inatumika vibaya na akapunguza kiwango chake hadi mikate 500 kwa siku. Kiufundi alikuwa na hoja. Ila wenye kadi za karatasi walifika tanurini wakaambiwa mkate umekwisha, maandamano yakazuka Alexandria, Giza na kwingineko, na ndani ya siku moja serikali ikaanza kurudi nyuma. Mwanya uliozibwa kabla ya kumpatia mlaji halali njia nyingine humpiga mlaji, na mwizi anahama tu.

Wa tatu uko ghalani. Serikali hununua ngano ya mkulima wa ndani kwa bei inayoitangaza kwa ardebu (kilo 150): pauni 2,000 msimu wa 2024, pauni 2,200 msimu wa 2025. Bei hiyo ikizidi sana ya soko la dunia, kuna faida ya kuingiza ngano ya nje na kuiuza kama ya ndani, au kuandika tani ambazo hazipo. Uchunguzi wa bunge kuhusu ngano hewa ulimfanya waziri Khaled Hanafy ajiuzulu Agosti 2016.

Je, ruzuku ya mkate ndiyo iliyoifilisi Misri?

Hapana, na hili ndilo jibu ambalo wengi hulikosea. Bajeti ya mwaka wa fedha 2024/25 ilitenga takriban pauni bilioni 134 kwa ruzuku ya chakula. Riba ya madeni ilitengewa zaidi ya pauni trilioni 1.8, mara 13 yake. Mapato yote ya serikali yalikadiriwa kuwa kama trilioni 2.6. Anayesema mkate ndio mzigo anaangalia mkia wa tembo.

Deni hilo lilitoka wapi? Lilitoka kwenye miaka ya kukopa kwa dola na kujenga kwa pauni: mji mkuu mpya wa kiutawala jangwani mashariki mwa Cairo, upanuzi wa Mfereji wa Suez wa 2015, barabara kuu, madaraja, reli za umeme. Baadhi vina manufaa. Lakini daraja halileti dola, na mkopo wa dola hulipwa kwa dola. Deni la nje lilifika takriban dola bilioni 168 mwishoni mwa 2023.

Kisha riba yenyewe hupanda kwa ajili ya kuilinda pauni. Machi 2024 Benki Kuu iliongeza riba kwa pointi 6 za asilimia kwa siku moja, riba ya amana ikafika asilimia 27.25. Mkopaji mkubwa kuliko wote nchini ni serikali, kwa hiyo dawa ya mfumuko wa bei ikawa sumu ya bajeti.

Pauni ilianguka lini hasa?

Novemba 2016 iliachiwa kutoka 8.88 kwa dola, ikatulia karibu na 18, sambamba na mkopo wa IMF wa dola bilioni 12. Kisha ikagandishwa karibu na 15.7. Machi 2022 ikashuka hadi 18, Oktoba 2022 hadi 23 na zaidi, Januari 2023 hadi 30. Ikashikiliwa hapo, kwenye 30.9, mwaka mzima, mpaka uchaguzi wa rais wa Desemba 2023 ukapita. Tarehe 6 Machi 2024 ikaachiwa tena na kufika karibu 50.

Kilichosababisha ajali ya 2022 ni pesa ambazo Wamisri huziita "al-amwal as-sakhina", fedha moto: wawekezaji wa nje wanaonunua dhamana za Hazina za miezi michache kwa sababu ya riba kubwa. Urusi ilipoivamia Ukraine, takriban dola bilioni 20 zao zilitoka ndani ya miezi. Vita hiyo hiyo ilipandisha bei ya ngano, na karibu asilimia 80 ya ngano ambayo Misri iliagiza nje ilitoka nchi hizo mbili zilizokuwa vitani. Halafu Wahouthi wa Yemen wakaanza kushambulia meli Bahari ya Shamu: mapato ya Mfereji wa Suez yalishuka kutoka zaidi ya dola bilioni 10 mwaka 2023 hadi kama bilioni 4 mwaka 2024.

Soko la magendo la dola lilifanyaje kazi?

Benki ilikuwa na bei rasmi ya 30.9 lakini haina dola ya kuuza. Mwagizaji wa dawa au vipuri alingoja miezi, shehena zikarundikana bandarini. Mwenye haraka alinunua mtaani. Januari 2024 dola moja ilifika karibu pauni 70.

Waliofanya kazi Ghuba nao walipiga hesabu. Kutuma dola 500 kupitia benki kulimpa mama nyumbani pauni 15,450. Kumpa dola hizo wakala wa Riyadh au Dubai, na mshirika wake Cairo akamkabidhi mama pauni kwa bei ya mtaani, kulimpa hadi mara mbili. Kwa hiyo dola hazikuingia Misri kabisa. Zilibaki Ghuba, zikauzwa kwa waagizaji. Ndiyo maana fedha zinazotumwa nyumbani ziliporomoka kwenye takwimu rasmi na kurudi kwa kasi baada ya Machi 2024, pengo la bei lilipozibwa. Biashara hiyo ni kosa la jinai na watu hufungwa. Haikuzimwa na polisi, ilizimwa na bei.

IMF inadai nini, na kipi kinakwama?

Mkopo wa Desemba 2022 ulikuwa dola bilioni 3, ukaongezwa hadi bilioni 8 Machi 2024. Hutolewa kwa mafungu, kila fungu baada ya ukaguzi. Tathmini mbili za 2023 hazikufanyika kwa wakati kwa sababu pauni ilikuwa bado imefungwa.

Masharti makuu ni manne: pauni inayofuata soko, kupunguza ruzuku ya mafuta, kupanua kodi, na kuipunguza mikono ya dola kwenye biashara. (Dola hapa kwa maana ya serikali; Kiswahili nacho kina utani wake.) Yanayomwangukia mwananchi hutekelezwa upesi. Lita ya dizeli ilipanda kutoka pauni 10 Machi 2024 hadi 11.50 Julai, 13.50 Oktoba, 15.50 Aprili 2025 na 17.50 Oktoba 2025. Dizeli ndiyo inayoendesha mikrobasi, pampu za umwagiliaji na malori ya mboga, kwa hiyo kila pauni inayopanda hufika sokoni ndani ya wiki.

Sharti la nne ndilo linalokokota miguu, kwa sababu linawagusa wenye nguvu. Kampuni za jeshi huuza petroli (vituo vya Wataniya), maji ya chupa (Safi), saruji, tambi, na hujenga barabara. Zinapata ardhi kwa urahisi ambao mfanyabiashara wa kawaida hauoti. Desemba 2022 serikali ilitoa waraka wa sera ya umiliki wa serikali, ikiahidi kujiondoa kwenye sekta kadhaa, na 2023 ikapitishwa sheria ya kufuta misamaha ya kodi ya taasisi za umma. Soma kifungu kidogo: yanayohusu usalama wa taifa yamebaki nje. Nani anaamua kipi ni usalama wa taifa? Wenyewe. Mwaka 2025 IMF iliunganisha tathmini ya tano na ya sita ikitaka kuona hatua zaidi, hasa za kuuza mali za serikali.

Mfano wa mwelekeo halisi ni ngano. Kwa miongo mingi shirika la umma la GASC lilinunua kwa zabuni za wazi zilizofuatiliwa na dunia nzima. Mwishoni mwa 2024 kazi hiyo ilihamia kwa Mostakbal Misr, taasisi iliyo chini ya Jeshi la Anga, inayonunua zaidi kwa makubaliano ya moja kwa moja.

Ras el-Hekma ni nini?

Ni rasi kwenye pwani ya Mediterania, magharibi mwa Alexandria. Februari 2024 mfuko wa ADQ wa Abu Dhabi ulikubali kutoa dola bilioni 35: bilioni 24 fedha mpya, bilioni 11 amana za Imarati zilizokuwa tayari Benki Kuu ya Misri zikageuzwa kuwa uwekezaji. Siku 12 baadaye pauni ikaachiwa. Bila fedha hizo ingeanguka mbali zaidi. Lakini pwani huuzwa mara moja tu.

Kwa nini wasifute ruzuku na kuwapa maskini pesa taslimu?

Misri tayari ina mpango wa aina hiyo, Takaful na Karama, ulioanza 2015: takaful kwa familia zenye watoto, karama kwa wazee na walemavu. Unafikia familia zaidi ya milioni 4. Mjadala wa kugeuza na mkate kuwa pesa umefunguliwa mara kadhaa.

Jordan ilijaribu Januari 2018. Iliondoa ruzuku, bei ya kilo ya mkate wa aina fulani ikapanda mara mbili, na wananchi waliostahili wakapewa dinari 27 kwa mtu kwa mwaka. Mkate wenyewe ulipita. Miezi michache baadaye muswada wa kodi ya mapato uliwatoa watu barabarani na Waziri Mkuu Hani Mulki akajiuzulu tarehe 4 Juni 2018.

Ugumu wa Misri ni mfumuko wa bei, uliofika asilimia 38 Septemba 2023. Mikate 5 ni mikate 5 hata pauni ikianguka; pauni 50 tumeona zilivyoishia. Pesa taslimu bila kanuni ya kisheria ya kuipandisha kila mwaka ni ruzuku yenye tarehe ya kufa. Pia kuna suala la nani atolewe orodhani. Mwaka 2019 serikali iliwafuta watu kwa vigezo kama bili kubwa ya umeme, ada ya shule ghali au gari jipya, na wengi wakalalamika kwamba wamefutwa kimakosa. Septemba hiyo maandamano madogo yakazuka, na kabla mwezi haujaisha serikali ya Rais Abdel Fattah el-Sisi ikatangaza kurejeshwa kwa watu milioni 1.8.

Mbona Juni 2024 watu hawakuandamana kama Kenya?

Mwezi ule ule Kenya ilipendekeza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, ikaiondoa tarehe 18 Juni, na tarehe 26 Rais William Ruto akakataa kutia saini muswada wote wa fedha baada ya vijana kujaa barabarani. Misri ilipandisha mkate mara nne na mitaa ikabaki kimya.

Kimya si ridhaa. Sheria namba 107 ya 2013 inataka taarifa polisi siku tatu kabla, na kivitendo maandamano ya upinzani hayafanyiki. Uchaguzi wa Desemba 2023 ulimpa Sisi asilimia 89.6, mwanasiasa Ahmed Tantawy, aliyetaka kushindana naye, hakufikisha saini 25,000 zinazotakiwa, akadai wafuasi wake walizuiwa kusajili, na baadaye akahukumiwa mwaka mmoja kwa fomu zisizoidhinishwa. Zaidi ya hayo bei ilibaki ya chini, na ongezeko lilitangazwa siku chache tu kabla ya kuanza.

Mishahara imeongezwa. Haitoshi?

Kima cha chini cha watumishi wa umma kilikuwa pauni 2,400 Julai 2021, sawa na kama dola 153. Machi 2024 kilifika 6,000. Baada ya pauni kuachiwa zilikuwa kama dola 125. Na kima hicho hakimgusi mchuuzi, kibarua wa ujenzi wala dereva wa tuktuk, ambao ndio wengi.

Nikitaka kufuatilia, niangalie nini?

Mwaka wa fedha wa Misri huanza tarehe 1 Julai kama wetu wa Afrika Mashariki, kwa hiyo bajeti hufika bungeni majira ya kuchipua: linganisha mstari wa riba na mstari wa chakula kabla ya kusoma hotuba. Katikati ya Aprili mavuno ya ngano huanza. Bei ya ardebu ikiwa chini ya soko, mkulima huwauzia wafuga kuku na serikali hulazimika kuagiza zaidi. Fuatilia mikutano ya kamati ya bei za mafuta, pengo kati ya bei ya dola benki na mtaani, na uzito wa mkate. Bei ikitajwa redioni bila gramu, uliza gramu.